Mvinyo Aliokunywa Bibi Zenta

Jumatano, 8 Mei

Vita vimeanza. Shangazi Roswitha alipiga simu asubuhi kutoka Nuremberg, akataka kuongea na Babu, akaishia kuongea na mimi kwa sababu Babu alikuwa bustanini akitazama ukuta. Siku hizi anautazama sana ule ukuta. Shangazi akasema mwaka huu mlo wa Pentekoste utakuwa nyumbani kwa binti yake, Svenja. Jiko jipya. Roshani. Asparagasi za kijani, za kuchoma, na mvinyo mweupe kutoka New Zealand.

Asparagasi za kijani! Siku ya Pentekoste!

Nikamwambia kwamba tangu nizaliwe, Pentekoste inaliwa hapa, kwenye meza ya Bibi Zenta: asparagasi nyeupe (vile vichipukizi vinavyokua chini ya mchanga), viazi vipya, paja la nguruwe la moshi, mchuzi wa siagi, na mvinyo wa mlima wetu kwenye jagi. Akanijibu taratibu, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anayeota meno, kwamba Bibi Zenta hayupo, mwanangu. Najua hayupo. Tulimzika Oktoba. Maua nilichagua mimi.

Ndipo akalitoa la moyoni. Anataka Babu ahamie kwake. Chumba kimeshapakwa rangi. Babu amemwambia atatoa jibu siku ya Pentekoste, baada ya kula.

Babu alipoingia nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akasema, "Popote ni popote tu, Otti," akaenda kunawa mikono.

Popote ni popote! Mtu anayelala katika chumba alimozaliwa!

Nimepanda chumbani kwangu kufikiri. (Nilihamia hapa majira ya baridi. Rasmi, nije kuandika tasnifu yangu kuhusu kumbukumbu katika falsafa ya Kilatini. Kwa kweli, nije kuhakikisha Babu hali mkate mkavu amesimama.) Na mpango nimeupata. Babu hajala kwa hamu tangu Oktoba. Akiipata Pentekoste moja kama zile za Bibi, sawasawa, na hasa mvinyo ule ule mdomoni, atakumbuka yeye ni nani na hatatoka hapa. Ladha hufungua milango ambayo hoja hubaki zikiigonga. Niliandika hivyo kwenye tasnifu. Msimamizi wangu aliweka alama ya kuuliza pembeni.

Kuna tatizo dogo tu. Hakuna anayejua ulikuwa mvinyo gani.

Alhamisi, 9 Mei. Sikukuu ya Kupaa

Bibi alikuwa akiumimina kule chini, kwenye stoo, na kuupandisha ukiwa tayari ndani ya jagi la udongo. Chupa hatukuiona. Lakini ladha naijua mimi! Nilikuwa nikikaa kulia kwake, miguu haijafika sakafuni, na kila Pentekoste alinipa funda moja kutoka kwenye glasi yake mwenyewe, akinikonyeza. Watu wazima walijifanya hawaoni. Majani makavu. Peasi bichi. Jiwe lililonyeshewa. Na utamu kidogo mwishoni, kama mgeni aliyekwisha kuaga halafu akageuka mlangoni.

Nimemuuliza Babu, akiwa anafunga kamba kwenye mawaridi. Ule mvinyo wa Bibi ulikuwa upi? Akasema ulikuwa mzuri. Nikasema najua, lakini jina lake? Akasema, "Ulikuwa wa Zenta," akarudi kwenye kamba zake. Midomo ilimtetemeka. Huzuni hiyo! Nikajilaumu kwa kumchokonoa.

Mchana nikaenda kwa jirani, Burkard Seufert. Wana mizabibu mlimani tangu enzi, na ni babu yake aliyekuwa akituletea mvinyo. Burkard amesomea kazi hiyo shuleni, na tangu hapo hawezi kunywa hata maji bila kuyazungusha kwanza. Nikamweleza ladha. Akafumba macho. Akasema hana hata haja ya kuwaza: ni Silvaner, zabibu nyeupe ya huku kwetu, tena wa mizabibu mikongwe, kile kipande cha juu chenye mawe ya chokaa. Majani makavu, peasi, jiwe, ndivyo hasa babu yake alivyokuwa akiwaambia wateja. Nikamuuliza ana uhakika. Akasema, "Otti, huo ningeutambua hata nikiwa na mafua. Naapa kwa kaburi la babu yangu."

Akafungua chupa, yenye tumbo bapa kama zilivyo zetu zote, tukaonja tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Peasi, ndiyo. Jiwe, ndiyo. Majani makavu? Burkard akasema yapo ila yana aibu, tuyasubiri. Tukayasubiri mpaka chupa ikaisha. Hayakuja. Akasema ni kwa sababu tunakunywa bila asparagasi. Kweli kabisa! Silvaner bila asparagasi ni nusu ya sentensi. Nilirudi nyumbani nina furaha tele, nikagonga mlango wa banda la kuni kwa paji la uso.

Jumamosi, 11 Mei

Leo mazoezi. Nikaenda kibandani kwa Bi. Dotterweich, pale njia ya mtoni inapokata. Bibi alinifundisha kwamba asparagasi iliyokatwa alfajiri ukiisugua na mwenzake hulia. Isiyolia ni ya jana. Nikawa nazisugua mbili mbili, naziweka sikioni. Kwa makini. Foleni ikajikunja nyuma yangu. Bi. Dotterweich akaniuliza kama nanunua mboga au nasawazisha fidla. Nikamwambia nasikiliza. Akasema basi niwasikilize na waliosimama nyuma yangu, maana nao wanalia.

Mama mmoja kwenye foleni akasema niachwe, huyo ni wa Zenta, na Zenta alikuwa kichaa vivyo hivyo. Nikanunua fungu nisilolisikiliza.

Nilizimenya kwa kuanzia chini kwenda juu. Naandika hili kwa ajili ya vizazi vijavyo: msimenye kwa kuanzia chini kwenda juu. Vichwa vyote vikavunjika. Maganda yakabaki mgongoni. Babu akala, akivuta nyuzi mdomoni na kuzipanga ukingoni mwa sahani, moja moja, kama fundi cherehani. Mvinyo nao, uliokuwa mtamu kwenye ngazi, ukawa na ladha ya ufunguo. Nikamuuliza kama unamkumbusha chochote. Akasema unamkumbusha jeshini.

Baadaye akaenda kwenye ukuta wake.

Jumanne, 14 Mei

Nimefanya jambo la werevu mkubwa.

Hata nipate mvinyo upi, ni kazi bure kama mlo utakuwa Nuremberg. Ni lazima uwe hapa. Nikampigia Shangazi na kumwambia, kwa masikitiko, kwamba daktari amemkataza Babu safari za gari. Msukumo wa damu. Nikasema hivyo tu, nikanyamaza. Kunyamaza ni sanaa. Shangazi akasema, "Mungu wangu." Kisha akasema basi, itabidi Pentekoste iwe huko huko.

Imekwisha! Mara moja! Sijui kwa nini watu hulalamika kwamba siasa ni ngumu. Nikashuka, nikampikia Babu mayai, nikaimba.

Jumatano, 15 Mei. Mtakatifu Sofia wa Baridi

Sofia, mtakatifu wa baridi ya mwisho kabla ya kiangazi, kaja na baridi yake kama kila mwaka, na Shangazi kaja naye.

Na sanduku! Na mashine ya kupimia msukumo! Alimkalisha Babu kitini kabla hata hajavua koti, akamfunga mkono, akapima, akapima tena, kisha akajipima mwenyewe kwa kulinganisha. Wa Babu ulikuwa mzuri kuliko wake. Akanigeukia. Daktari gani huyo? Nikasema ni mbadala. Mbadala wa nani, anaitwa nani? Sikuwa na jina. Nimesoma Kilatini, Kigiriki na mantiki, na sikuwa na jina moja la daktari.

Babu akasema, huku akishusha mkono wa shati, kwamba alikuwa kijana mrefu mwenye makengeza, na jina alilisema huku anakohoa.

Alinidanganyia! Mtu anayekwenda kuungama kila mwezi! Nilimtazama nipate kuelewa, lakini alikuwa keshaenda bustanini.

Shangazi akasema kwa hali hii hawezi kumwacha baba yake na mtoto. Mtoto ni mimi. Atakaa hadi Pentekoste, na asubuhi ya pili yake ataondoka naye, Babu akikubali, daktari apende asipende. Jikoni hataki mtu. Kwa hiyo: mlo nimeushinda, jiko nimelipoteza, na chumba changu kina Shangazi. Mimi nalala kwenye kochi lenye springi.

Ijumaa, 17 Mei

Ameniruhusu kumenya. Alinitazama kidogo, akaguna, akaninyang'anya kisu. Akaniambia nilaze asparagasi juu ya mkono, kama mtoto, nianze chini kidogo ya kichwa, nishuke. "Taratibu. Si penseli hiyo." Akasema mama yake alimfundisha hivyo hivyo, kwenye meza hii hii, na kila alipovunja kichwa alilazimika kukila kibichi. Alivila vingi. Tukamenya pamoja hadi ndoo ikajaa. Alikuwa akiimba puani wimbo ambao Bibi alikuwa akiuimba, na anapotea pale pale Bibi alipokuwa akipotea.

Kisha akaniambia jambo, macho yakiwa kwenye kisu. Kwamba Januari, wiki ile nilipokuwa chuoni Würzburg, alipiga simu hapa kutwa nzima bila kujibiwa. Akaendesha gari kwenye theluji. Akamkuta Babu amekaa kando ya simu. Akamuuliza kwa nini hapokei. Babu akasema alidhani Zenta atapokea.

Sikuwa nalijua hilo.

Nilikaribia kusalimu amri. Kweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo Shangazi akasema mchuzi wa siagi tutatumia wa pakiti, hamna anayeona tofauti.

Vita vinaendelea.

Jumamosi, 18 Mei

Svenja kafika. Binamu yangu, mzuri, mwenye afya, mwenye viatu vinavyofaa kila mahali. Amebeba chupa yake ya New Zealand ndani ya koti maalumu la kuipoza na kipimajoto cha kuchomeka ndani. Akanikumbatia. Akaniita Profesa. Akaniuliza tasnifu imefika wapi, swali ambalo mtu mwenye moyo haliulizi.

Nikamwambia kesho tunakunywa Silvaner. Akasema, jamani, Silvaner ni mvinyo wa kina babu, unanuka stoo. Nikasema wa kwake unanuka nyasi zilizokatwa na mashine. Akasema angalau ni nyasi mbichi. Nikasema asparagasi ni kitu cha faragha, kimelala chini ya tuta la mchanga hakijaona jua, kinahitaji mvinyo unaojua kunong'ona, siyo unaopiga filimbi. Svenja akamuuliza mama yake kama nimekuwa hivi tangu lini. Shangazi akasema, "Tangu kubatizwa. Hata maji ya baraka aliyauliza maswali."

Tukaafikiana shindano. Wazo lake. Kila mmoja amimine mvinyo wake kwenye jagi, Babu asione chupa, aonje na asparagasi, aseme upi unafaa, na atakayeshindwa aoshe vyombo. Nimekubali kwa heshima zote. Hajui anachokitaka! Mimi nina ladha ya Bibi mwenyewe, imehifadhiwa, imethibitishwa na mtaalamu. Nimemwalika Burkard awe shahidi.

Jumapili, 19 Mei. Pentekoste

Naandika kwa utaratibu.

Kabla ya kwenda kanisani nilimimina Silvaner kwenye jagi na kuushusha stoo. Bibi alikuwa na safu nzima ya majagi hayo, ya kijivu, yenye ua la buluu, yote sawa. Nikalificha langu nyuma ya kreti la viazi, penye baridi kuliko pote, Svenja asije akalichezea. La kwake aliliacha wazi kwenye ngazi ya mwisho. Ama hana siri, ama ana kiburi.

Meza ilikuwa kamili. Kitambaa cha Bibi. Viazi vidogo vinang'aa. Asparagasi zimelala kwenye sinia, nene, nyeupe, hakuna hata kichwa kimoja kilichovunjika. Mchuzi nilikuwa nimeupiga mimi, wa siagi halisi, kwa mkono, nilipotoroka misa Shangazi akiwa kwenye komunyo. Burkard alikuja na koti na nywele zilizolowanishwa. Babu akakaa kichwani mwa meza. Kiti cha kushoto kwake kikabaki kitupu, na kila mtu akawa anakizunguka kwa mbali kana kwamba kina moto.

Svenja akamimina kwanza. Babu akatafuna asparagasi, akanywa, akawaza. Akasema huu mvinyo una haraka. Svenja akauliza haraka vipi. Akasema umeingia kabla hajaukaribisha.

Zamu yangu! Nikashuka mbio. Nyuma ya kreti ni giza. Nikapapasa, nikashika jagi, nikapanda. Nikammiminia Babu, nikammiminia Burkard, nikajimiminia. Rangi ya dhahabu hafifu, safi.

Babu akanywa. Akaiweka glasi chini. Akainua tena, akanywa tena, taratibu. Macho yakamjaa.

Nami nikanywa.

Majani makavu! Peasi! Jiwe lililonyeshewa! Na ule utamu unaogeuka mlangoni! Nilikuwa mdogo tena, bega lake liko hapa, harufu ya aproni iko hapa. Nikasimama. Nikatoa hotuba. Nilizungumzia mawe ya chokaa, mizizi inayoshuka gizani kutafuta maji, babu yake Burkard, subira, kumbukumbu. Nilinukuu Kilatini. Nikasema huu ndio mvinyo wa Bibi Zenta, na mahali penye mvinyo huu hapawezi kufungwa mlango. Burkard alikuwa akinivuta mkono wa blauzi. Nikadhani kaguswa. Nikaendelea. Akanivuta tena, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika hadi kanisani:

"Otti, kaa chini. Hii ni supu."

Shangazi akaipokonya glasi yangu, akanusa, akashika kiuno. "We Otti! Maji yangu ya maganda! Ya supu ya kesho! Nimeyaweka nyuma ya viazi, pale pale alipokuwa akiyaweka Mama!"

Svenja alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yanaruka. Nilitamani sakafu inimeze, stoo inipokee. Kisha nikasikia kicheko ambacho sikukitambua mara moja, kimekwaruza, kama bawaba isiyofunguliwa muda mrefu. Babu. Babu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashikilia meza kwa mikono miwili, machozi yakishuka, akashindwa kabisa kupumua, na Shangazi akakimbilia mashine yake.

Alipopata pumzi akatuambia. Zenta hakunywa mvinyo. Hata tone, maisha yake yote. Alizaliwa huko juu kwenye vijiji vya bia, mvinyo ulimchoma koo. Pentekoste yake ya kwanza hapa alikuwa bibi arusi mpya, na baba yake Babu, mzee mkali, alikuwa na msemo kwamba asiyekunywa Silvaner ni mpita njia. Zenta akasema atakwenda yeye stoo kuleta mvinyo. Akarudi na jagi la mvinyo la wengine, na glasi yake ameshaijaza huko huko: maji ya maganda ya asparagasi, baridi, chumvi kidogo, sukari kidogo, tone la limau. Rangi ni ile ile. Wanaume walipozungusha glasi zao, naye akazungusha. Waliponusa, naye akanusa. Mkwewe akamuuliza anaonja nini. Zenta akasema, bila kupepesa: majani makavu, peasi bichi, jiwe lililonyeshewa. Wote wakaonja upya wa kwao, wakatikisa vichwa, wakakubali. Mzee akasema hatimaye nyumba imepata mkwe mwenye ulimi.

Na Babu yeye alijuaje? Akatazama sahani. Akasema alimbusu koridoni baadaye, na busu lilikuwa na ladha ya mboga.

Zenta alimwapisha pale pale: akisema kwa mtu, anarudi kwao kwenye bia. Basi hakusema. Miaka yote hiyo, kila Pentekoste, alikaa pale kichwani mwa meza akimwona mkewe anazungusha supu mbele ya kijiji kizima, na ilimbidi ale huku ameuma shavu.

Burkard alikuwa amebadilika rangi. Akasema polepole kwamba babu yake alikuwa mgeni kwenye meza hiyo mwaka hadi mwaka. Maneno yale, majani makavu, peasi, jiwe. Ndiyo yaliyouza mvinyo wao hadi Hamburg.

Na Shangazi! Shangazi akasema, "Kumbe ndiyo maana supu ya Jumatatu ilikuwa haitutoshi! Kila mwaka! Na Mama alikuwa ananitazama mimi kama mwizi!" Akaanza kucheka, akaishia kulia, akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kile kiti kitupu bila kujua. Hakuna aliyemwambia. Babu akamwekea asparagasi mbili kwenye sahani.

Tulikula. Babu alikula! Aliomba nyongeza. Mioyoni mwetu sote, nadhani, hata kwa Svenja, kulikuwa na mtu anayekonyeza.

Halafu Shangazi akauliza, kwa sauti ndogo, akimwita Baba. Jibu?

Nilishika ukingo wa kiti. Nilikuwa na uhakika. Amecheka, amekula, amekumbuka.

Babu akapangusa mdomo, akasema atakwenda. Lakini siyo kesho. Akasema asparagasi hukatwa hadi sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwishoni mwa Juni. Siku hiyo kisu huwekwa chini, hata kama vichwa bado vinachungulia mchangani, kwa sababu mmea usipoachwa ukaota majani yake, mwaka unaofuata hautoi kitu. Akasema tangu Oktoba yeye anakata tu, kila asubuhi anakata, na humu ndani kila kitu bado kinachipua. Atakaa mpaka Yohana, ashibe. Kisha aende akaote majani kidogo kwenye kile chumba kilichopakwa rangi.

Akanishika kisogo, akasema, "Na wewe pia, Otti. Wewe hasa."

Sehemu hiyo ya mwisho sikuielewa.

Jumatatu, 20 Mei

Supu haikutosha.

Shangazi na Svenja wameondoka baada ya kula. Svenja aliosha vyombo vyote ingawa hakuna aliyejua nani kashinda. Mlangoni akaniambia njoo Nuremberg, Profesa, tutakuchomea za kijani. Shangazi akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake, akanirudishia chumba changu. Amekikunja kitambaa cha Bibi kwenye sanduku lake. Nilimwona. Nikambebea sanduku hadi garini.

Jioni Burkard alikuja, nikakumbuka Silvaner wangu, bado uko nyuma ya viazi. Tuliunywa na mabaki ya asparagasi, baridi, kwa vidole, tumekaa kwenye ngazi. Ni lazima niwe mkweli: vilikwenda pamoja kama ndugu. Mvinyo uliupa mboga kiuno, mboga ikaupa mvinyo ukimya. Burkard aliuonja akiwa amefumba macho. Akasema, kwa unyonge, bado anayasikia majani makavu. Nikamwambia hayapo. Akasema anajua.

Babu alikuwa bustanini. Kafunga mawaridi yote. Ukuta kaupa mgongo.

Alhamisi, 23 Mei

Nimewaza usiku na mchana, na nimeliona kosa. Mpango ulikuwa sahihi. Msimu ndio ulikuwa mfupi!

Asparagasi huisha kwa Yohana, sawa. Lakini Yohana ndipo cheri zinapoiva! Na Bibi Zenta alikuwa akipika cheri, kwenye bakuli kubwa, kwa mkate wa jana, mayai na mdalasini, na kando yake glasi ya mvinyo mweupe wenye harufu ya maua. Nilikaa kulia kwake. Ladha naikumbuka barabara: waridi, zabibu kavu, ganda la limau. Ni mvinyo wa zabibu za Scheurebe, hakuna mjadala. Babu akila cheri zile na mvinyo ule, mtu gani ataondoka katikati ya cheri? Ataziona hadi mwisho. Hapo plamu zinaanza. Baada ya plamu ni mvinyo mpya ambao bado unachachuka, na pai ya vitunguu, na hakuna mzee wa huku atakayekubali kuukosa. Kisha bata bukini wa Mtakatifu Martini, Novemba. Kisha theluji, na nani humhamisha mzee kwenye theluji? Nimechora jedwali. Linafika hadi Pasaka.

Nilimwendea Babu jioni, nikamuuliza, kama kwa bahati tu, zile cheri za Bibi alikuwa akizipika na mdalasini mwingi au kidogo.

Akasema Zenta hakuwahi kupika cheri maishani mwake. Zilimtoa vipele.

Maskini Babu. Uzee huu! Anasahau kila kitu. Bahati nzuri mimi ninakumbuka.